Hema limelowa ndani na mvua haikunyesha: kosa la hema, la kijito au la waliolala?

#1 Turubai la Bluu
Wakuu salaam. Swali fupi, ila najua majibu yatakuwa marefu.

Kundi la watu 16 kutoka hapa Dar, mahema 6, Uluguru juu ya Moro mjini, mita kama 1,400. Kambi kando ya kijito, msitu umefunga juu, hata saa sita mchana jua linaingia kwa kuchungulia tu. Usiku kucha tone la mvua halikudondoka. Saa kumi na mbili asubuhi mahema matano yamelowa NDANI: paa lina matone, ukigusa ukuta kwa bega shati linalowa, na magodoro ya sponji yamenyonya maji upande wa miguuni. La sita kavu, na ndilo la bei ya chini kuliko yote.

Mwenye kukodisha anasema mahema yake hayana tatizo, sisi ndio hatujui kulala. Safari nyingine ni Julai. Nini kinalowesha hema bila mvua, na hilo la sita liliponaje?

#2 Kipupwe
Nakaa mbele kabisa. Nimekuja na mkeka wangu.

#3 Fundi Zipu
Mwenye mahema kasema kweli, ila kasema vibaya. Mtu aliyelala anatoa maji kwa pumzi na ngozi, robo lita hadi nusu lita kwa usiku mmoja. Weka watatu kwenye hema moja, hiyo ni karibu lita nzima ya mvuke inayotafuta pa kutokea. Wageni wa baridi wakifika juu wanafunga kila kitu: mlango, dirisha, mpaka kile kitundu cha paani chenye kidaraja cha waya. Mvuke unagonga kitambaa cha baridi, unageuka maji, unateremka ukutani hadi kwenye godoro.

Dawa: vitundu vya juu viwe wazi muda wote, zipu ya mlango iachwe wazi sentimita 10 hadi 15 upande wa JUU, si wa chini, wavu ubaki umefungwa. Nguo mbichi na viatu vya matope vikae nje chini ya kifuniko. Kamba za kuvuta kifuniko cha nje zikazwe kisigusane na hema la ndani. Hapo wengi wanakosea, wanazifunga kamba kama urembo.

Sasa nijibu: hilo la sita walilala wangapi?

#4 Turubai la Bluu
Wawili. Na zipu yake mbovu, ilikwama katikati, mlango ulikaa nusu wazi usiku kucha. Walilalamika sana.

#5 Fundi Zipu
Kesi imekwisha. Zipu mbovu imewaokoa.

#6 Mzee wa Korongo
Fundi, usifunge jalada haraka hivyo. Kila mwenye nyundo huona msumari, na wewe kila kitu ni zipu.

Usiku hewa ya mlimani ikipoa inakuwa nzito, inateremka kama maji yenyewe na kufuata njia zile zile za maji, yaani makorongo na vijito. Ukilala kando ya kijito umelala ndani ya mto wa pili, wa hewa baridi yenye unyevu umejaa pomoni. Hewa ya namna hiyo haikaushi kitu hata ufungue milango yote. Kwa kawaida ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi kama 6, lakini usiku chini ya bonde panaweza kuwa baridi kuliko ukingoni juu yake, hatua chache tu. Shuka kwa miguu saa nne usiku, utausikia mpaka huo kwenye vifundo vya miguu.

Mleta mada, la sita lilikuwa umbali gani kutoka majini?

#7 Turubai la Bluu
Matano hatua 10 hivi, tulitaka sauti ya maji. La sita hatua 30 na zaidi, juu kidogo penye mizizi. Walichelewa kufika, nafasi nzuri zikawa zimeisha.

#8 Mzee wa Korongo
Nafasi "nzuri".

#9 Kipupwe
😂😂 Waliochelewa wakalala pakavu.

#10 Mla Mihogo
Mbona mnazunguka? Huo ni umande tu. Milimani kuna umande, basi.

#11 Mzee wa Korongo
Mkuu, umande ungekuwa ndiyo jibu, chini ya miti mikubwa ungekuwa KIDOGO. Umande unataka kitu kiione mbingu wazi, kitoe joto lake juu, kipoe kuliko hewa. Gari lililolala chini ya mwembe asubuhi kioo kina nafuu, la uwanjani linatiririka. Mleta mada kasema msitu umefunga. Na umande unakaa juu ya kifuniko cha nje, hauingii kwenye godoro.

#12 Mla Mihogo
Nimekubali nusu.

#13 Kilele cha Mbagala
Hakuna aliyeuliza UPANDE wa mlima. Uluguru ina pande mbili zisizofanana. Mashariki inatazama bahari, mvua yake inapita milimita 2,000 kwa mwaka na hakuna mwezi wa kuuamini kabisa. Magharibi ni kavu zaidi. Julai wengi wanasema kiangazi, sawa kwa Dar, lakini kusi ndiyo inavuma, inasukuma unyevu wa bahari mpaka mlimani, unageuka ukungu.

Ukungu ukipita msituni, majani na kuvumwani ya miti yanauchuja, matone yanadondoka usiku kucha. Ukiwa ndani ya hema huku kijito kinavuma huwezi kuyatofautisha na maji ya kijito. Asubuhi unaapa kwamba mvua haikunyesha, na kweli haikunyesha, mti ndio ulionyesha. Chini ya miti msimu huo funga turubai juu ya mahema, upande mmoja juu, mwingine chini, kamba ya manila kati ya miti miwili. Gome likunjiwe kitambaa kwanza ili kamba isilikate.

#14 Dada Dumu
Wote mmeng'ang'ania paa. Someni #1 tena: magodoro yamelowa MIGUUNI. Matone ya pumzi yangeanzia kichwani, ndiko pua zilipo.

Nauliza turubai la chini lilitandikwaje. Kosa la kila kundi la Dar ni kutandika turubai kubwa kuliko hema, likachomoza nje pande zote. Linakuwa sinia. Kila tone linaloteremka kwenye kifuniko linaangukia hapo na kukimbilia chini ya hema, na kwa kuwa watu hulala kichwa upande wa juu wa mteremko, maji yote yanakusanyika miguuni. Turubai la chini likunjwe liwe dogo kuliko sakafu ya hema, sentimita 5 kila upande. Ukikuta limechomoza, kunja kwa CHINI, si kwa juu.

#15 Turubai la Bluu
Dada Dumu umenikamata. Yalichomoza, tulivulia viatu hapo. La sita halikuwa na turubai la chini kabisa, waliweka mkeka ndani.

#16 Kipupwe
Hema la sita lina kila sifa sasa. Wawili, zipu mbovu, juu, bila turubai. Kila mtu humu ameshinda.

#17 Stoo ya Tabata
Naongeza la tano, mnisamehe. Mahema ya kukodisha yanakaa stoo za Dar. Joto na unyevu wa huku unakula ile ngozi laini iliyopakwa upande wa ndani wa kitambaa ili maji yasipite. Dalili: ukikunjua linanata kama gundi ya panya, lina harufu ya matapishi ya mtoto, na ngozi inabanduka vipande vyeupe. Likifika hapo, sakafu inapitisha maji ya udongo kwa uzito wa mwili tu. Udongo wa msituni ni mboji, unashika maji kama sponji hata wiki mbili baada ya mvua. Piga goti juu ya sakafu ya hema dakika tano, ukiinuka na duara la unyevu, rudisha hema kabla hujalipa.

Na mkirudi Dar msilifunge likiwa bichi "nitalianika kesho". Anika siku mbili kivulini, ndani nje. Huku Dar hema bichi ndani ya mfuko linaota ukungu kabla wiki haijaisha.

#18 Fundi Zipu
@Stoo ya Tabata, sakafu nakubali. Lakini matone ya PAANI hayajatoka kwenye udongo.
@Dada Dumu, miguuni ndiko kitambaa cha hema la bei nafuu kinakoinama na kugusa begi la kulalia. Kinapoguswa ndipo kinapodondosha. Hiyo bado ni pumzi.

#19 Dada Dumu
Pumzi yako ina miguu.

#20 Kilele cha Mbagala
Tupime badala ya kubishana. Julai simamisheni hema moja TUPU, limefungwa kabisa, katikati ya mengine. Nje tandikeni kipande cha nailoni mita moja kwa moja, pembe nne mawe. Asubuhi: hema tupu kavu, wengine wameloa, basi Fundi. Nailoni ina maji juu, basi mti. Nailoni kavu juu, imeloa chini, basi udongo.

#21 Mzee wa Korongo
Nailoni nakubali. Hema tupu si kipimo. Halina mwili wa kulipasha, kwa hiyo ndani na nje ni karibu joto moja na linaweza kubaki kavu hata kwenye bonde baya. Mvuke unatoka kwa watu, ukuta wa baridi unatoka kwa kijito. Ukiondoa kimoja umeharibu kipimo. Wekeni mahema mawili ya aina moja, watu wawili wawili, zipu zimefunguliwa sawasawa, moja hatua 10 kutoka majini na jingine 40 juu.

#22 Mlinzi wa Zamu
Mnabishana kuhusu unyevu wakati mahema matano yako hatua 10 kutoka kijito cha mlimani. Kulowa ni tatizo dogo.

Kijito cha kivuli unakiona kinapita kwenye vifundo vya miguu, eneo lake la kukusanya maji liko juu usikoona. Mvua ikipiga kule nyie mko pakavu na nyota mnaziona. Kabla ya kusimamisha hema angalieni vichaka vya ukingoni: majani makavu, vijiti na uchafu ulionaswa kwenye matawi unaonyesha maji yaliwahi kufika wapi. Lala juu ya mstari huo, tena juu sana. Maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, yakianza kubeba majani mabichi, au ukisikia mawe yanagongana chini, usikunje hema. Toa watu, panda kwa UBAVU wa bonde, usikimbilie chini kufuata kijito. Na maji yakipungua ghafla bila sababu, huenda gogo limeziba juu na litaachia.

Kipimo cha kawaida ni mita 60 kutoka majini, hatua kama 80 za mtu mzima. Tena angalieni na juu: tawi lililokufa halisubiri upepo.

#23 Mla Mihogo
Hatua 80 Uluguru? Mkuu, hatua 80 kutoka kijitoni huko unakuwa umeshafika ukutani. Hakuna tambarare.

#24 Mlinzi wa Zamu
Ni kweli, ndiyo maana watu wanashuka majini, kule ndiko kuna tambarare. Jiulize nani aliisawazisha. Maji ndiyo yaliyoisawazisha. Tafuta bega la mlima, au uliza walinzi wa hifadhi wakati wa kukata kibali, wana sehemu zao. Ule ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, hulali popote upendapo. Bega likiwa dogo, mahema madogo mawili mawili ni bora kuliko hema moja la watu nane.

Na hilo la "watu 4" kwenye lebo ni watu wanne waliopangwa kama dagaa kwenye kopo. Wenye mabegi, hesabu watatu.

#25 Sufuria Namba 10
Nageuza mada kidogo, nani anapikia hawa 16? Mchele kilo 2 na nusu kwa mlo mmoja, watu waliopanda mlima hawali kama wa ofisini. Sembe kilo 4. Maharage msibebe mabichi: kwa mita 1,400 maji yanachemka nyuzi 95 hivi, maharage yanakaa motoni mpaka mtungi unaisha. Yachemsheni Dar, yagandisheni, yatayeyuka njiani na yaliwe usiku wa kwanza. Siku ya pili choroko au dagaa. Mtungi wa kilo 6 mmoja na jiko lake juu unatosha siku mbili kwa mpango huo. Kuni msitegemee, kuokota hifadhini ni kosa, na za kando ya kijito zimejaa maji, zinatoa moshi tu.

#26 Mla Mihogo
Basi mkaa. Jiko la mkaa likikaa ndani ya hema nusu saa linakausha hizo kuta, tatizo la uzi limekwisha.

#27 Dada Dumu
Futa hiyo mkuu, kuna mtu ataifuata! Mkaa ndani ya hema unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala moshi, na mtu anapitiliza usingizini. Hata jiko linaloonekana limezimika. Hata zipu ikiwa wazi. Kuta zifuteni kwa kitambaa kikavu kabla watu hawajainuka na kuligonga paa, kitambaa kimoja kwa kila hema, kinatosha.

#28 Mla Mihogo
Nimefuta kauli. Ahsante.

#29 Kijana wa Ubungo
Maji ya kunywa vipi? Kijito chenye kivuli na baridi hivyo si safi tayari? Ama mchemshe dakika 20.

#30 Sufuria Namba 10
Safi kwa macho. Juu yako kuna nyani, ng'ombe wa mtu, na kambi nyingine. Dakika 20 ni kuchoma gesi bure: yakishatokota kwa nguvu dakika moja inatosha, ukiwa juu ya mita 2,000 dakika tatu. Yakiwa na tope chuja kwanza kwa kanga iliyokunjwa mara nne. Ukitumia dawa ya klorini fuata kipimo cha pakiti na subiri nusu saa, ukikumbuka kwamba maji ya tope yanaila dawa yote.

#31 Mlinzi wa Zamu
Na sabuni isiguse kijito, hata ile iliyoandikwa ya mimea. Chota kwa dumu, oga hatua 80 mbali. Uluguru na Usambara kuna vyura wadogo wa msituni wanaozaa watoto walio hai, hawatagi mayai majini kama wengine, na aina nyingine ziko mlima mmoja tu duniani. Ngozi ya chura inanyonya kila kitu. Yale maua ya urujuani kwenye miamba ya kivuli, yanayouzwa Ulaya kwenye vyungu, kwao ni huku. Yaacheni.

Choo: shimo la sentimita 15 hadi 20 kwa mtu mmoja. Kwa watu 16 chimbeni mtaro, kila mmoja afukie kipande chake, nao uwe mbali na maji kwa umbali ule ule. Kumbukeni mnaposuuza vyombo: maji ya Uluguru ndiyo yanayoingia Ruvu, na Ruvu ndiyo mnayooga Sinza.

#32 Kijana wa Ubungo
Kumbe ule mto unaopita Moro mjini ndio Ruvu?

#33 Kilele cha Mbagala
Hapana. Vijito vya upande wa mjini vinaingia Ngerengere, ndiyo yenye bwawa la Mindu linalonywesha Morogoro. Ngerengere inakutana na Ruvu mbele huko. Ruvu yenyewe inaanzia upande wa pili wa mlima.

#34 Kipupwe
Siafu hamjawataja. Majivu yanawazuia?

#35 Stoo ya Tabata
Majivu makavu yanawachelewesha. Kwenye kivuli chenye unyevu yanashika maji ndani ya saa mbili, siafu wanapita juu yake kama lami.

#36 Dada Dumu
Mafuta ya taa kwenye kamba na vigingi ndiyo dawa.

#37 Mlinzi wa Zamu
Mafuta ya taa kando ya maji, hapana. Zungukeni eneo na tochi kabla ya kusimamisha hema, mtafute mstari wao. Mkiukuta, hameni. Wakija usiku, hameni pia. Wakila walichofuata wanaondoka. Chakula kining'inizwe, makombo yasibaki, na hapo zipu iwe NZIMA, Fundi.

#38 Fundi Zipu
Nilisema wazi juu, wavu umefungwa! Someni.

#39 Turubai la Bluu
Ahsanteni wote. Mpango wa Julai: bega la mlima, turubai juu, la chini limekunjwa, na kipimo cha Mzee: mahema mawili ya aina moja, 10 na 40. Nikataka lile la sita lirudi kama lilivyokuwa, nimempigia mwenye kukodisha sasa hivi. Ameshabadilisha zipu. Na bei imepanda.

#40 Mzee wa Korongo
Wa hatua 10 ajitolee mwenyewe. Mlinzi amepiga marufuku.

#41 Kipupwe
Fundi Zipu si yupo?

#42 Fundi Zipu
Nitalala 10. Mlango wazi. Mtaniona asubuhi.

#43 Dada Dumu
Lala kichwa upande wa chini basi, tuone maji yataenda wapi.